Siku Nane za Kusaka Vitabu vya Ushairi vyenye Majina ya Wenyewe: London, Hay na Keswick

Siku ya 1. London, Barabara ya Euston

Safari hii haianzii dukani. Inaanzia maktaba, kwa sababu anayeingia dukani bila kujua vitabu vya mshairi Southey viliuzwa mwaka gani na nani atauziwa jina tu. Kitabu cha ushairi kilichowahi kumilikiwa na mshairi kina nasaba, na nasaba ina viungo: nani alimpa nani, nani alirithi, mnada upi, fungu namba ngapi. Wanaojua isnadi za hadithi wataielewa kazi hii upesi. Jina lisilo na mlolongo nyuma yake ni dhaifu hata likiwa limeandikwa kwa mwandiko mzuri kiasi gani.

British Library iko dakika chache kwa miguu kutoka stesheni ya King's Cross. Kadi ya msomaji haina malipo, ila uje na ushahidi wa anwani ya nyumbani na ushahidi wa saini. Agiza vitabu siku kadhaa kabla, maana vingi hukaa kwenye ghala la Boston Spa, Yorkshire. Kwenye chumba cha vitabu adimu kalamu ya wino hairuhusiwi, ni penseli tu.

Agiza kwanza mfululizo wa majuzuu 12 uliosimamiwa na A. N. L. Munby, uliotoka kati ya 1971 na 1975, ambao umechapisha upya orodha za minada ya maktaba za watu mashuhuri. Kwenye daftari nakili tarehe hizi za minada, na zikae kichwani safari nzima. Byron: 1816, mwezi aliouhama Uingereza, kisha tena 1827 baada ya kifo. Southey: 1844. Charles Lamb: 1848, tena New York, si London. Wordsworth: 1859, nyumbani kwake Rydal Mount. Robert Browning: 1913, baada ya mwanawe kufa. Thomas Hardy: Mei 1938, kwa kampuni ya mnada ya Hodgson.

Kwa kila fungu linalokuhusu nakili mambo matano: namba, jina la kitabu, mwaka wa toleo, idadi ya majuzuu, na maelezo ya jalada kama yapo. Ukipata nakala ya orodha ambayo karani wa mnada aliandika pembeni jina la mnunuzi na bei, hiyo ni dhahabu, kwani inakupa kiungo cha pili cha mlolongo.

Angalizo moja. Kitabu kutokuwamo kwenye orodha hakukifanyi kiwe cha uongo. Mafungu mengi yalitajwa kwa kitabu kimoja tu, kisha "na vinginevyo". Vilevile washairi waligawa vitabu wakiwa hai. Orodha ikikaa kimya, bei nayo ishuke, basi.

Siku ya 2. Cecil Court na Charing Cross Road

Cecil Court ni uchochoro wa watembea kwa miguu kati ya Charing Cross Road na St Martin's Lane, wenye maduka ya vitabu vikuukuu, ramani na picha za chapa pande zote mbili. Yote unayatembelea kwa asubuhi moja. Ukitaka kukagua kwa dhati, tenga siku nzima.

Vifaa vya mfukoni: lenzi ya kukuza mara 10, tochi ndogo ya kawaida, tochi ya urujuanimno (UV) ya nanomita 365, rula ya milimita, penseli ya HB. Mikono ioshwe na kukaushwa, glavu za pamba hazihitajiki kwani hupunguza hisia za vidole na kurarua kingo. Omba ruhusa kabla ya kuwasha tochi yoyote. Muuzaji akikataa umulike kitabu cha bei kubwa, hilo nalo ni jibu.

Anza nyuma ya kitabu. Ndani ya jalada la mwisho ndipo wauzaji wa zamani walipoandika kwa penseli bei ya ununuzi kwa herufi za siri, aghalabu neno la herufi kumi zisizojirudia, kila herufi ikisimamia tarakimu. Hapo pia hukaa namba za mafungu, namba za rafu na vibandiko vidogo vya mjalidi. Muuzaji anayefuta penseli hizi ili kitabu kionekane safi anafuta nasaba. Usiwe wewe.

Kisha njoo mbele, kwenye jina lenyewe. Swali la kwanza ni la hesabu tu, na linashangaza jinsi linavyosahaulika: je, mwenye jina alikuwa hai kitabu kilipochapwa? Wordsworth alifariki Aprili 1850. Toleo la 1853 lenye saini yake halihitaji lenzi.

Swali la pili ni karatasi iliyobeba saini. Kitabu kikijalidiwa upya, mjalidi hutia karatasi tupu mpya mwanzoni na mwishoni. Saini ya Keats, aliyefariki 1821, kwenye karatasi tupu iliyotiwa miaka ya 1840 haiwezekani. Inua ukurasa dhidi ya mwanga, utafute alama ya maji. Karatasi nyingi za Kiingereza zina mwaka ndani yake kuanzia 1794, kwa sababu ya sheria ya kodi ya karatasi ya mwaka huo. Mwaka uliotangulia tarehe ya saini unakubalika. Mwaka uliokuja baada yake unamaliza mjadala. Kinyume chake, saini iliyokatwa nusu na kisu cha mjalidi kwenye ukingo ni habari njema, ingawa inasikitisha macho: maandishi yalikuwapo kabla ya jalada jipya.

Tatu ni wino. Wino wa zamani wa chuma na matunda ya mwaloni ulikuwa mweusi, sasa ni wa kahawia, na mara nyingi umeacha kivuli hafifu kwenye ukurasa unaoutazama. Chini ya urujuanimno wino huo huonekana mweusi zaidi, kwa hiyo hata jina lililofifia au kufutwa linaweza kusomeka tena. Tazama kingo za mistari kwa lenzi. Karatasi kuukuu hupoteza gundi ya gelatini iliyopakwa kiwandani, na wino mpya ukiwekwa juu yake husambaa kama chai kwenye kitambaa. Tazama pia pale mstari unapokatiza doa la kahawia au mkunjo: wino uliotiririkia ndani ya mkunjo uliandikwa baada ya mkunjo. Na kalamu ya bolpeni haikuwa madukani Uingereza kabla ya 1945, kwa hiyo "Krismasi 1925" kwa bolpeni irudishwe rafuni bila maneno.

Nne ni lebo ya mwenye kitabu, ile iliyobandikwa ndani ya jalada. Lebo husafiri. Hubanduliwa kwenye kitabu kibovu na kubandikwa kwenye kizuri. Tafuta kivuli chake upande wa pili, na upime kwa milimita: kivuli kikubwa kuliko lebo maana yake palikuwa na lebo nyingine. Mulika. Karatasi za tangu miaka ya 1950 zina kemikali za kung'arisha weupe, ndugu wa zile za sabuni ya unga, nazo huwaka buluu kali. Lebo "ya 1880" inayowaka hivyo imechapwa juzi.

Halafu kuna mitego isiyo ughushi kabisa. Maneno "Kutoka kwa mwandishi" mbele ya kitabu cha karne ya 19 mara nyingi yaliandikwa na karani wa mchapishaji, aliyepewa orodha ya watu wa kupelekewa nakala. Ni zawadi ya kweli, ila mwandiko si wa mshairi, na bei yake ni nyingine. Saini iliyokatwa kwenye barua na kubandikwa kitabuni haifanyi kitabu kuwa cha mwenye saini. Na watu wana majina ya kurithi: William Wordsworth alikuwa na mwana aitwaye William, aliyeishi hadi 1883.

Ughushi wenyewe umewahi kufika mbali. Mtu aliyejiita Meja Byron, mwana wa kujitangazia wa mshairi, aliuza barua za kughushi hata 1852 zikachapwa kitabu cha barua za Shelley chenye utangulizi wa Robert Browning, kikaondolewa sokoni baada ya kugunduliwa. Thomas J. Wise, mkusanyaji aliyeheshimika kuliko wote wa zama zake, alitengeneza vijitabu vizima. Mwaka 1934 John Carter na Graham Pollard walionyesha kwamba soneti (mashairi ya mistari 14) za Elizabeth Barrett Browning zilizoandikwa "Reading, 1847" zimechapwa kwenye karatasi ya rojo la mbao lililopikwa kwa kemikali, ambayo haikutumika Uingereza kabla ya miaka ya 1870, tena kwa herufi za f na j za mtindo uliokuja baada ya 1880. Vijitabu hivyo vya Wise leo vina wakusanyaji wake. Vinauzwa kama vya Wise, nako huko ni kuuza kwa haki.

Siku ya 3. Hampstead

Panda treni hadi stesheni ya Hampstead Heath, kisha tembea dakika chache hadi Keats House, nyumba aliyoishi Keats kuanzia Desemba 1818 hadi Septemba 1820. Hakikisha siku za kufunguliwa kabla ya kwenda. Hapa hatununui kitu. Tunazoesha jicho.

Keats aliandika ndani ya vitabu vyake. Kwenye nakala yake ya 1808 ya tamthilia za Shakespeare, chapa iliyoiga toleo la 1623, aliandika soneti yake kuhusu kusoma upya *King Lear*. Kwenye mashairi ya Shakespeare ya 1806, aliyopewa na rafiki yake Reynolds, aliandika soneti ya nyota angavu, kisha kitabu akampa mchoraji Severn, aliyemuuguza Roma. Tazama mlolongo huo: Reynolds, Keats, Severn. Kila mtu ana jina, kila hatua ina sababu.

Baada ya kifo chake rafiki yake Charles Brown aliandika orodha ya vitabu alivyoacha. Mtu akikuletea "kitabu cha Keats", uliza kwanza kama kimo kwenye orodha hiyo, kisha uliza kama kilikuwa cha kuazima. Vijana wale waliazimana sana. Kitabu cha Keats kilichokutwa mfukoni mwa Shelley alipozama 1822 kilikuwa cha Leigh Hunt.

Jifunze mwandiko kwa herufi, usiangalie sura ya jumla pekee. Chagua herufi nne, tuseme d, g, k na T, na uzichore kwenye daftari kama zinavyoanza na kumalizika. Mghushi huiga umbo, lakini husahau mwendo: kalamu yake husimama katikati ya herufi pale mwenyewe alipopita bila kufikiri. Kwa lenzi kituo hicho ni kinundu cha wino.

Siku ya 4. Russell Square, SOAS

Siku hii ni ya Kiswahili. SOAS, chuo cha London cha masomo ya Asia na Afrika, kilianzishwa 1916, na Alice Werner alikuwa miongoni mwa waalimu wake wa mwanzo wa Kiswahili. Maktaba yake inatunza karatasi za William Taylor, mmisionari wa Mombasa, na za William Hichens. Mlolongo wa Muyaka bin Haji unaonekana hapa mkononi: mashairi ya Mvita yaliyokaa vichwani mwa watu, Mwalimu Sikujua akayakusanya na kuyaeleza, Taylor akayaandika, karatasi zake zikafika SOAS, na Hichens akazitumia kutoa *Diwani ya Muyaka*, Johannesburg, 1940.

Kwa mkusanyaji wa Kiswahili, vitabu vitatu vya Hichens ndivyo vya kutafuta kwenye maduka ya Uingereza, kwani vilinunuliwa na maafisa wa serikali, wamisionari na wanafunzi wa chuo hiki: *Utendi wa Mwana Kupona*, alioutoa na Werner, Medstead, 1934, *Al-Inkishafi*, London, 1939, na hiyo *Diwani*. Vyote ni vyembamba. Migongo hupotea kati ya vitabu vinene, kwa hiyo pekua rafu kwa kidole, usitegemee macho. Muuzaji asiyejua Kiswahili huviweka chini ya "Afrika", "lugha" au "dini", mara chache chini ya ushairi. Tafuta jina mbele: nakala ya mwanafunzi wa Werner yenye tafsiri za penseli pambizoni ina thamani kuliko nakala safi.

Maandishi ya mkono kwa herufi za Kiarabu yana adabu yake. Mwishoni soma jina la mwandikaji na tarehe ya Hijria, lakini kumbuka kwamba Muhammad Kijuma wa Lamu aliwaandikia wateja wa Kizungu, Werner na Hichens wakiwemo. Mwandiko wa kale wa kuvutia unaweza kuwa oda ya miaka ya 1930. Haupungui uzuri, ila usilipe bei ya karne ya 19.

Na tazama kama pameandikwa *wakfu*. Kitabu kilichowekwa wakfu kwa msikiti au kwa wanafunzi hakiuzwi wala hakirithiwi, hata kama kimefika London kwa mikono kumi. Hapa hakuna bei ya kupatana. Vivyo hivyo muhuri wa maktaba usio na muhuri wa kuondolewa: iandikie maktaba hiyo kwanza, malipo baadaye.

Siku ya 5. Paddington hadi Hay-on-Wye

Treni hadi Hereford ni kama saa tatu, kisha basi la T14, kama saa moja. Hay haina stesheni tangu mwanzo wa miaka ya 1960. Kwenye treni tumia muda kupiga hesabu za mnada, kwa sababu wengi hujikwaa hapo. Nyundo ikigonga pauni 400 na ada ya mnunuzi ikiwa asilimia 25, unadaiwa 500, bado usafirishaji. Anayesema kikomo chake ni 400 aanze kuacha kwenye 320.

Siku ya 6. Hay

Mji mdogo mpakani mwa Wales na Uingereza, uliogeuzwa mji wa vitabu na Richard Booth tangu mwanzo wa miaka ya 1960. Tarehe 1 Aprili 1977 alijitangaza mfalme wa Hay, na wenyeji bado wanacheka. Lipo duka la ushairi mtupu, The Poetry Bookshop. Lipo pia duka kubwa la Booth, Lion Street. Chini ya ngome kuna rafu za nje ambapo unatia pesa kwenye sanduku mwenyewe.

Mpango wa siku: asubuhi duka la ushairi, ambako bei zinajua kila kitu na utajifunza soko. Mchana maduka ya jumla, ambako bei hazijui. Hapo usitafute washairi wa kwanza. Tafuta wa duara la pili: mhariri wa gazeti, mwalimu wa shule ya mshairi, mhakiki, mchapaji. Nakala yenye saini ya mhakiki aliyekiponda kitabu, na alama zake za penseli, husimulia zaidi ya saini kavu ya mtu maarufu, na hugharimu sehemu ndogo. Hapa ndipo penye raha ya kazi hii, kwa maoni yetu, na ndipo mwenye mfuko mwembamba anaposhindana na tajiri.

Jina usilolijua lisiachwe. Piga picha, tafuta jioni, rudi kesho asubuhi kabla ya basi. Picha ziwe tano: ukurasa wa jina, maandishi kwa mwanga wa kawaida, maandishi kwa mwanga wa kulalia pembeni, lebo, na ndani ya jalada la nyuma. Rafu za nje ziachwe siku ya mvua, kwani kitabu kilicholowa na kukauka huja na ukungu utakaohamia kwa jirani zake.

Siku ya 7. Njiani hadi Penrith

Hereford, Crewe, Penrith. Kisha basi hadi Keswick. Siku inaishia hapo.

Siku ya 8. Keswick na Grasmere

Robert Southey aliishi Greta Hall, Keswick, tangu 1803 hadi kifo chake 1843. Nyumba si makumbusho, itazame kwa nje. Vitabu vyake vilikuwa maelfu, na ni rahisi kuvitambua kuliko vya wengi. Kwenye ukurasa wa jina aliandika jina, mahali na mwaka. Lebo yake yenye ngao ilichongwa na Thomas Bewick.

Lakini kitamu zaidi ni vile vya pamba. Vitabu vilivyochakaa, zaidi ya elfu moja, vilivishwa vitambaa vya pamba vya maua na binti zake na wageni wa kike, naye akaiita maktaba hiyo kwa mzaha kwa jina la mkusanyo maarufu wa Cotton, neno ambalo kwa Kiingereza ni pamba pia. Mwanawe aliandika kwamba nguo ililinganishwa na yaliyomo: hotuba za dini zilivaa rangi iliyopoa, ushairi ukavaa maua. Mwenye kujua kanga atawaelewa mabinti hao bila kufafanuliwa.

Kukagua cha pamba: kitambaa kiwe juu ya jalada la awali, si badala yake. Pindo za ndani ziwe zimepita chini ya karatasi iliyobandikwa, au ikiwa zimepita juu, gundi iwe imegeuka kahawia. Rangi iwe imepauka mgongoni na kubaki kali ndani ya pindo. Kitambaa kinachopauka sawasawa kote kimekaa juani kabla ya kuvishwa. Kisha linganisha na orodha ya 1844.

Mchana basi la 555 hadi Grasmere, Jerwood Centre, maktaba inayotunza maandishi ya Wordsworth, kwa miadi iliyowekwa wiki kadhaa kabla. Kwa vitabu vya Wordsworth, rejea ya kwanza ni orodha ya maktaba yake iliyochapishwa na Chester na Alice Shaver mwaka 1979. Wordsworth hakuwa mpole kwa vitabu. Mwandishi De Quincey alisimulia jinsi alivyokata kurasa za kitabu cha Burke kwa kisu kilichotoka kwenye siagi. Wapo wauzaji wanaoonyesha doa la mafuta kama ushahidi. Siagi haina saini.

Mshairi Coleridge naye alijaza pambizo za vitabu vya wenzake, na Lamb alimsifu kwa kurudisha alivyoazima vikiwa na nyongeza. Kabla ya kununua chochote chenye maandishi yake, angalia majuzuu sita yaliyokusanya maandishi yake ya pambizoni, 1980 hadi 2001. Kumbuka pia kwamba mwanawe Hartley aliishi maeneo haya na alikuwa na tabia ileile.

Jioni ni ya kufunga mizigo. Kila kitabu kivishwe karatasi isiyo na asidi, kisha kadibodi pande mbili, kisha plastiki. Visafiri kwenye mzigo wa mkononi. Maandishi ya mkono yenye zaidi ya miaka 50 yanaweza kuhitaji kibali cha kutoka Uingereza, kinachotolewa na Arts Council England. Muulize muuzaji kabla ya kulipa, si uwanja wa ndege.

Kwa anayerudi pwani, Tanga, Mombasa au Unguja, adui ni unyevu na wadudu. Kitabu kipya kisipelekwe rafuni. Kifungwe kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, kikae kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 14. Vyenye ngozi iliyokauka au picha zilizobandikwa visigandishwe. Risiti, picha tano na barua ya muuzaji zikae kwenye bahasha ya pembeni, si ndani ya kitabu, maana karatasi ya risiti ina asidi na itaacha mraba wa kahawia juu ya saini uliyoilipia. Kitabu kikitolewa kwenye friza, mfuko usifunguliwe kwa saa 24, hata maji ya ukungu yaliyotanda nje ya plastiki yakauke yote.